Mume Wangu Ndiye Aliyepeleka Utani wa Mwalimu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana tangu jana jioni nimekuwa mtu wa kuzubaa tu, nagawa nywele za mteja nasahau nilianzia upande gani, na hapa mtaani hakuna hata mmoja ninayeweza kumfungulia mdomo.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo yenye sinki moja na draya moja mbovumbovu ambayo mume wangu, fundi umeme, huja kuitengeneza kila inapogoma, na anayenioshea wateja ni mama mmoja mjane tunayemwita Mama Pacha, mtu wa watu, kicheko chake unakisikia toka barabarani. Miongoni mwa wateja wangu yumo Mwalimu, ambaye kwangu si mteja tena bali dada, ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua kitindamimba wangu, na mume wangu na yeye huitana shemeji, wanataniana hadi mgeni anadhani wamezaliwa tumbo moja.

Sasa Mwalimu akiwa na lake moyoni halali nalo. Siku hiyo amekaa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akaanza kuilaumu hii amri mpya ya kuomba kibali cha mikutano, akasema shuleni kwao wazazi wamezuiwa kukutana kuzungumzia choo kilichobomoka kwa kuwa hawana kibali, na wakati huohuo jirani yake kapiga spika za harusi mpaka kukakucha na hakuulizwa na mtu, "basi," akasema, "na sisi tutangaze kwamba choo kinaoa, watu wajae, wapige vigelegele, halafu wakwe wakianza hotuba tujadili matofali." Tulicheka mpaka Mama Pacha akajimwagia maji miguuni. Hata mume wangu, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya draya na bisibisi yake, alicheka, nilimwona kwa macho yangu haya.

Wiki ileile walikuja watu shuleni wakamchukua Mwalimu mbele ya wanafunzi wake, wakamlaza ndani, na alipotoka akakuta amesimamishwa kazi. Alikuja saluni amejitanda mtandio, hakutaka kusukwa, akaniambia kwamba yule aliyemhoji alimuuliza, tena bila kucheka, "Huyo bibi harusi wa choo ni nani?" Mshauri, utani ule tuliusikia sisi tu tuliokuwemo mle ndani. Mwalimu naye akalipima mwenyewe, akasema, "Wewe siwezi kukudhania, na shemeji ni ndugu yangu. Amebaki nani?" Hakumtaja Mama Pacha, wala hakuwa na haja ya kumtaja.

Toka hapo wateja hawataki kuguswa na Mama Pacha, mmoja alimwambia usoni, "Mikono yako ina masikio," akaondoka na povu kichwani. Mama Pacha alipangusa sinki, akaniaga, akaenda zake.

Jioni tukiwa mezani nikamhadithia mume wangu, nikasema labda nimpumzishe Mama Pacha mpaka upepo upite, japo moyo unanikatalia. Akatafuna, akameza, akasema, "Usimwonee mama wa watu. Ni mimi." Nikadhani ananitania. Nikamuuliza, wewe ndiye nini? Akasema, "Mjumbe wa mtaa aliniuliza watu wanasemaje huko saluni, nikamwambia. Nilimpa maneno yake, sikumpa yeye." Kumbe hakutishwa, hakuahidiwa chochote, hakupewa hata soda, ila anaamini kabisa kwamba nchi ikiachiwa kila mtu aropoke itaungua. Nikamwambia, lakini na wewe ulicheka. Akasema, "Nilicheka kwa sababu kinachekesha. Kitu kinaweza kuchekesha na bado kikawa kosa." Kisha akaniomba chumvi, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa.

Angekuwa mume mlevi au mpigaji ningejua pa kuanzia, lakini huyu ndiye anayemfunga mama yangu vifungo vya gauni tangu mkono wake upooze. Mwalimu mpaka leo anamtumia salamu, eti "mwambie shemeji asihuzunike kwa ajili yangu." Nikisema, ndoa na saluni vinakwenda, nikinyamaza, Mama Pacha ndiye anayekwenda, na leo asubuhi hakuja kazini. Nifanye nini?

Msusi Aliyepigwa na Butwaa

*

Msusi,

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji. Nimeandikiwa mengi katika safu hii, lakini mtu acheke na wenzake, aubebe utani ungali moto aupeleke kwa mjumbe, kisha aje kuomba chumvi? Hilo sijawahi kulisikia. Pole, na pole yangu ni ya kweli.

Sasa nikugombeze. Ulipoujua ukweli jioni ile, ulipaswa kuamkia kwa Mama Pacha. Badala yake umeamkia kuniandikia mimi. Mjane anaoshewa jina lake kwa matope na wewe umeshika ndoo, halafu unaniambia unalinda ndoa.

Nami nina maoni yangu. Mikutano mikubwa kuombewa kibali sioni ubaya, na tungekaa na Mwalimu tungebishana mpaka chai ipoe. Ila ningebishana naye yeye, uso kwa uso. Mumeo ana haki ya kupenda utulivu, na shemeji yake alikuwa palepale mbele yake. Angesimama na bisibisi yake aseme, "Shemeji, hapo umepotoka," nani angemkamata? Hayo ya "nilimpa maneno yake, sikumpa yeye" mwambie mimi nimeyakataa. Maneno yana mama. Ukiyakabidhi kwa wenye pingu, umemkabidhi na aliyeyazaa.

Unasema si mtu mbaya. Nakuamini, na hapo ndipo panaponitisha.

Ukimaliza kusoma, funga saluni uende kwa Mama Pacha kwa miguu yako. Usitume mtu, usipige simu. Muombe radhi, mrudishe kazini, na mbele ya wateja sema si yeye na kwamba unajua unachokisema. Huna haja ya kutaja mtu. Atakayekataa kuoshwa naye, mwambie atafute msusi mwingine.

Mumeo mpe mpaka Jumapili aende kwa Mwalimu akaseme mwenyewe. Asipokwenda, nenda wewe, kimyakimya. Usilitangaze mtaani, maana mtaa uliomgeukia Mama Pacha utawageukia na wanao. Kama Mwalimu bado ana shemeji au hana, hilo ataamua Mwalimu. Kuhusu ndoa, sikwambii ukae wala uondoke, kwanza mtazame atakavyorudi kutoka huko. Ila saluni asikanyage tena, draya itafutie fundi mwingine.

Na mtafutieni Mwalimu wakili wa kupinga kusimamishwa kwake. Atahitaji shahidi wa kueleza kwamba yaliyozungumzwa ni choo cha watoto, si uasi. Wewe ulikuwepo ukasikia. Ukiitwa, vaa uende.