Ambrose, Nyumba Uliyoitengeneza Wameichukua

Mwaka umekwisha, kaka Ambrose Mwandawiro, tangu kifua kilipokuzidi nguvu Novemba ya 1956, katika kambi ya shamba la mkonge nje ya Voi. Tungependa kusema umepumzika. Hatuna hakika.

Ulizaliwa Malindi, uhamishoni, baada ya askari wa serikali kuchoma nyumba za kwetu mlimani Kasigau wakati wa vita vya Mjerumani na kuwahamisha wazee wetu. Waliochoma wamesahau. Sisi hatukusahau, ila mimi nilipiga kelele mikutanoni, wewe ukashika nyundo.

Nyumba uliyopewa kambini ilikuwa banda. Nguzo zilizoliwa na mchwa uliziondoa moja moja, na kila mpya ukaichoma ncha mpaka ikawa nyeusi kabla ya kuichimbia. Mabati yaliyotoboka uliyaziba kwa vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye lami ya moto. Kuta ulizikandika kwa udongo wa kichuguu, samadi na majivu. "Usikandike mara moja ukaenda zako," ulikuwa ukituambia. "Ngoja udongo upasuke kwanza, kisha urudi uzibe nyufa." Uani ukachimba mtaro wa maji, ukazungusha ua wa minyaa.

Jirani yako Ndulu alikucheka. "Wee Mtaita, unamrembeshea Mzungu banda lake bure!"

"Bwana Ndulu, mvua ikija ulete kiti chako hapa kwangu."

Mvua ikaja. Naye akaja, kiti kichwani, mkewe nyuma na kuku kwapani. Kesho yake ulikuwa juu ya paa lake.

Mimi nilikugombeza: nyumba si yako, kaka. Ukanijibu kama wazee wa kijijini kwetu Rukanga, kwamba aliyesafisha mahali akapatunza miaka yote, hapo ni pake, nani atamwondoa? Kule mlimani ni kweli. Huku chini kwenye mkonge hakuna anayejua habari hiyo.

Mkeo Hannah aliamini ulivyoamini. Alikataa makaburi ya kambi, akataka ulazwe nyuma ya nyumba, kama kwetu. "Shemeji," aliniambia, "nani atamfukuza mjane kwenye kaburi la mumewe?" Tukakuzika hapo.

Kabla ya Pasaka akaja nyapara mpya, akatembezwa kambi nzima achague pa kukaa. Mabanda mengine yanavuja, mengine yameinama. Angechagua lipi? Hannah akaambiwa atoke. Nyumba ingekuwa mbovu wangemwachia. Uzuri wa kazi yako ndio uliomtoa mkeo nje, na hilo sitawasamehe.

Siku ya kuhama alikuwa amepiga magoti, anasiriba sakafu kwa samadi. Nikamfokea, "Waachie vumbi lao!"

"Siachi nyumba ya Ambrose chafu," akasema, wala hakuinua kichwa.

Jumamosi iliyopita tulikuja na majembe kukupalilia kaburi. Mlinzi wa lango, Kitheka, akavua kofia.

"Bwana Zephaniah, nimekatazwa. Asiye wa kambi haingii."

"Tuna mtu wetu humo ndani."

"Najua. Si nilibeba jeneza? Lakini nina watoto, ndugu yangu."

Basi tukazunguka, tukasimama nje ya seng'enge. Magugu yamefika kwenye mikono ya msalaba wako, na kamba ya kuanikia nguo za nyapara imefungwa hapo hapo. Hannah aliita jina lako mara moja, kisha akasema turudi. Mwakani tutaomba tena. Sidhani watatufungulia.

Wanaokulilia ni mama yetu Wakesho wa Rukanga. Mkeo Hannah, ambaye sasa analala jikoni kwa dada yake huko Makwasinyi. Wanao Tryphena na Gilbert. Na mimi mdogo wako Zephaniah.

Kukupalilia hatuwezi. Tutakukumbuka daima, kaka; ndiyo kazi pekee tuliyoachiwa.