Masikio Mawili ya Prado

Jumatatu, 18 Machi 2013
Mama yuko hai! Binamu yangu Paulin amepiga simu: nyumba zimechomwa na waasi huko Mitwaba, Mama akatembea na wengine mpaka Lukafu. "Iko ku misheni, lakini miguu imevimba. Hawezi tena kutembea." Lazima nimfuate.

Kwa gari gani, sasa? Injini ya Prado yetu inagonga. Mume wangu Stanislas anasema haigongi. Amefunga kapteri mbili mpya za sokoni, taa ya onyo imezimika, injini ina nguvu, basi anaimba. Kapteri ndiyo sikio la injini: ikianza kugonga, sikio linaiambia kompyuta icheleweshe cheche. Hizi zake plagi inaingia, boliti inaingia, ila zilitengenezwa kwa injini nyingine. Hazisikii kitu. Nimeegemeza bisibisi kwenye injini na sikio langu kwenye mpini — inagonga. Na petroli yenyewe ni hii ya chupa, iliyochanganywa. Pistoni itapasuka kabla ya mlima wa kwanza.

Jumatano, 20 Machi
Siwezi kutulia. Nimefagia karakana mara mbili.

Muhindo amekuja kuchukua Prado yake, tuliyomtengenezea breki. Mtu wa Butembo, anauza unga kwa jumla. Injini yake ni ndugu ya yetu, na kapteri zote mbili ni za kiwandani. Nikamwomba waziwazi: gari, au kapteri zote mbili, mpaka Mama afike. Gari hawezi kuliachia. Mke wake Kyakimwa, aliyekuja naye, anataka liwe tayari, mambo yakiharibika wakimbilie Kasumbalesa na watoto.

Halafu Muhindo akasema, "Tugabule, Mama Syntiche. Moja kwako, moja kwangu. Kwetu hata kiazi kimoja banagabula."

Nikasema mbele yao wote: hizi hazigawanywi. Kila moja inasikiliza upande wake. Zikisikia tofauti, kompyuta itamwamini nani? Stanislas akanikanyaga mguu. Eti kukataa zawadi ni dharau. Huyu mume wangu na heshima zake!

Ijumaa, 22 Machi
Stanislas amekubali kugawana: jana kutwa wamefungua injini, kapteri moja ya Muhindo ikaja kwetu, moja ya sokoni ikaenda kwake. Leo majaribio, kwenye mwinuko, na magunia nyuma. Yetu: upande wa kulia unasikia, wa kushoto kiziwi, unagonga. Ya Muhindo: vilevile. Tulikuwa na gari moja bovu, sasa tunayo mawili. Mgawanyo wa haki kabisa.

Nimemsema Stanislas vibaya. Amechukua spana zake, anafungua injini zote mbili tena.

Jumamosi, 23 Machi
Risasi mjini. Maduka yamefungwa, watu wanakimbia na vyungu vichwani.

Paulin amepiga tena. Watu wa misheni wameanza kuondoka Lukafu, kila mtu na miguu yake. Mama amekaa tu, ameegemea ukuta. Amesema nisije, barabara ni mbaya. Amesema hivyo, kisha akauliza kama nimekwisha kutoka.

Muhindo ameingia na Kyakimwa, watoto na mabegi. Injini zote mbili ziko wazi. Kapteri mbili za kiwandani ziko juu ya meza, zimesafishwa, pamoja. Muda unatosha kufunga gari moja tu.

Stanislas akauliza, "Nifunge wapi?" Hakumtazama Muhindo. Alinitazama mimi.

Muhindo alifungua mdomo. Namjua, angesema nichukue. Kyakimwa akamshika mkono, akasema taratibu, "Mama Syntiche, weye mwenyewe ulisema hakuna kuzigabula. Sasa ni za nani?"

Ni zao. Ilinipasa kujibu hivyo tu. Nikasema nakwenda kutafuta boliti.

Sasa niko stoo, nimejifungia, naandika juu ya goti. Boliti ziko pale pale mezani, kila mtu anaziona. Kapteri zote mbili ziko hapa, nimezifunga kwenye pindo la kitenge. Naogopa. Naona aibu. Sizifungui.

Kyakimwa yuko mlangoni. Hapigi kelele. Ananiita tu kwa jina la mwanangu, Mama Syntiche, anangoja, ananiita tena, nami bado naandika.