Chiriku Ameketi

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani? Mimi mzima, ila kiuno kinanikumbusha kila asubuhi kwamba kufua mashuka ya hoteli si kazi ya mtu wa umri wangu. Ahsante kwa kumpokea Chiriku wangu. Sasa wewe ni mama mdogo wake na mwalimu wake pia, basi nisikilize: mtoto huyu hasomi akiwa ameketi. Hutembea akijisemea kwa sauti. Jedwali la kuzidisha alilishika kwa kupanda na kushuka ngazi za kwetu, hadi majirani nao wakalijua. Mwache atembee. Asipofaulu mtihani wa kuingia sekondari, msimamizi wangu keshaniambia hapa hapakosi mashuka.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, Chiriku anakula kunishinda. Lakini nina watoto sabini darasani. Wote wakitembea, nitafundisha au nitachunga mbuzi? Tena walimu wenzangu wameanza: "Mtoto wa dada ana kibali cha kuzurura." Nimemketisha mbele, nikamfunga kwenye kiti kwa mtandio wangu. Usishtuke, fundo lenyewe legelege, la kumkumbusha tu. Na midomo nimemwambia aifunge. Samaki mkunje angali mbichi.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu utazipata nikipoa. Umemfunga? Nani alikwambia akili hukaa makalioni? Wewe ulijifunza kusoma chini ya meza ya mama, umelala kifudifudi, na hakuna aliyekuinua. Tumenyonya ziwa moja, tumelala kitanda kimoja, lakini mimi neno nililishika kwa kulisikia, wewe kwa kuliandika mpaka kalamu ikalia. Hatukufanana, na hakuna aliyekufa. Shule yenu imejenga mlango mmoja, tena mwembamba. Asiyepita mnamwita mjinga, na mlango hamuulizi kitu. Fungua mtandio huo leo, si kesho!

Dada yako

11 Septemba

Dada,

Shikamoo. Tumenuniana mno, nami nimechoka. Mtandio niliufungua Mei, maana haukuhitajika tena. Anaketi kama mtungi. Mkaguzi alipokuja alimsimamisha mbele ya wenzake: "Igeni utulivu huu." Nikavimba kichwa, sikufichi. Ila majibu hayatoki. Daftari jeupe, mtoto kimya. Jana nikampeleka uani: "Haya mwanangu, tembea, sema kwa sauti, kama zamani." Akasimama palepale, mikono nyuma. Akaniuliza, "Nianze na mguu gani, mwalimu?"

Zamani aliniita mama mdogo.

Mdogo wako

14 Januari

Mdogo wangu,

Habari za huko? Usinijibu kwa pole. Pole nimezifua hapa mpaka zimechanika. Chiriku alifika salama. Matokeo aliyakunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Nilimwambia, "Tugombane basi, nitukane hata mimi niliyekupeleka." Akasema, "Ndiyo, mama."

Tumempa kazi ya kubeba mashuka, kutoka kwenye mashine hadi mezani, kisha kurudi. Msimamizi anamsifu kwamba hana kelele kama wasichana wengine. Jana nikiwa nyuma yake nilianza kwa sauti, "Saba mara saba," kama tulivyofanya ngazini. Nikangoja. Akanipisha njia, akidhani nataka kupita.

Anatembea kutwa sasa, mdogo wangu. Hakuna anayemfunga.

Dada yako