Ananishika Mkono Kila Tunaposhuka Garini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi binti yangu anatuletea wajukuu wawili tusafiri nao wiki nzima, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini watoto wale hawapaswi kupanda gari letu, na nimenyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakonikondesha.

Nina miaka sitini na moja, mume wangu sitini na saba, ameendesha malori ya masafa marefu miaka thelathini na minne bila kugonga hata kuku, ndivyo anavyojisifu na ni kweli. Alipostaafu akanunua basi dogo kuukuu, akalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, wakang'oa viti, wakaweka kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, mimi nikashona mapazia, na watoto wakaliita Konokono kwa kuwa tunatembea na nyumba yetu mgongoni. Mimi mwenyewe si mgeni wa barabara, niliwahi kuendesha gari la kubebea nguo za kufuliwa za hospitali miaka kumi na moja na leseni yangu ninayo, inafanya kazi, lakini usukani wa Konokono haugusi mtu mwingine, anasema atauachia siku ya kuzikwa, basi nikakaa kiti cha pembeni nikawa abiria na mpishi, na wala sikulalamika.

Mshauri, nilifurahi jamani! Kawaida yetu tukifika mji tunaegesha mahali penye kivuli, tunafunga mapazia, tunavaa raba na kuuzunguka mji kwa miguu, leo daraja la kale la chuma, kesho mnara wa saa, keshokutwa vichochoro vya mafundi seremala, tunachoka, tunarudi, nachemsha chai. Na kwenye matembezi hayo ndipo alipoanza kunishika mkono. Miaka thelathini na tisa ya ndoa sijawahi kushikwa mkono barabarani, alikuwa akinitangulia hatua kumi utadhani namdai, leo anashuka garini, ananyoosha mkono na kusema, "Njoo hapa, mke wangu." Nikampigia simu dada yangu nikamringia wee, akaniambia, "Mwenzetu uzee wako una sukari." Tukiingia makumbusho ananiambia nimsomee maandishi ukutani, eti sauti yangu inampendeza. Tukifika kwenye ngazi ananingoja nianze mimi. Nikadhani mapenzi yamechelewa tu njiani.

Basi mwezi uliopita tukapanda kwenye ngome moja ya kale iliyo juu ya kilima, mahali pa kutazama mji wote. Nilikuwa nimejifunga mtandio wa buluu. Nikasogea kando kupiga picha, na palikuwa na mama mwingine amesimama ukutani, naye ana mtandio wa buluu. Nikageuka, nikamwona mume wangu anamwendea yule mama, anamshika mkono, anamwambia, "Umeona mto ule?" Yule mama akapiga yowe. Mimi damu ikanipanda, nikajua leo nimekutana na mwenzangu. Nikapaza sauti, "Baba watoto, huyo si mimi!" Akauachia ule mkono kama ameshika pasi ya moto, akageukia sauti yangu, akanyoosha wake. Akacheka, akasema, "Nilikuwa nakutania." Lakini macho yake, mshauri, yalikuwa yananitafuta nami niko mbele yake, hatua tano tu.

Tangu hapo kila kitu kikajipanga. Miwani mitatu ya kununua barabarani aliyoificha kwenye mfuko wa mlango. Kikombe anachokipapasa kabla ya kukishika. Na lile la kila siku tukiwa njiani, "Mama, nisimulie barabara, nisisinzie," nami nasimulia, baiskeli hiyo kushoto, kona hiyo, lori linakuja, kumbe mimi ndiye ninayeona na yeye anakanyaga pedeli tu.

Sasa nafika kwenye dhambi yangu. Jumatano iliyopita tulikuwa tunaingia mji huu tulipo, nikaacha kusimulia kidogo nikamenya chungwa. Kidogo tu. Tukasikia kishindo. Kwenye kioo cha pembeni nikaona toroli la taka limepinduka, na mama mfagia barabara ameruka mtaroni, anainuka, anajipangusa, anatutupia ngumi hewani. Mume wangu akauliza, "Nini hicho?" Nikasema, "Shimo." Akasema, "Watu hawa barabara zao hawazibi," akaendelea. Sijala vizuri tangu siku hiyo.

Binti yangu nikimwambia, yeye na kaka zake watakuja na kumnyang'anya Konokono na kuliuza, nawajua wanangu. Mtu aliyekuwa dereva maisha yake yote ukimwondoa kwenye usukani umemwachia nini? Nikikaa kimya, Jumamosi wajukuu wangu watakaa nyuma yake kwenye barabara ya mlimani yenye kona, wakiimba. Ufunguo unaning'inia msumarini juu ya jiko, nauangalia kila ninapochemsha chai. Najiambia ajali haina kinga, lakini maneno hayo hayashuki. Na kuna jambo jingine la aibu, nalo nalisema kwa sababu hunijui: naogopa akishajua kwamba najua, hatanishika mkono tena.

Nisaidie, maji yamenifika shingoni.

Mke wa Dereva

*

Mke wa Dereva,

Pole. Pole nimeshaitoa, sasa tugombane.

Barua yako nimeipata Jumanne, nikaipandisha juu ya barua za wenye wakwe wakorofi na wachumba watoro, itoke leo Alhamisi. Hilo la mkono lilinigusa, nililisoma mara mbili. Hilo la shimo nimelisoma mara tatu. Mama wa watu yule, mwenye fagio lake na toroli lake, wewe ukamwita shimo! Mumeo hakuona, ana udhuru. Wewe uliona. Angechelewa kuruka, ungemweleza nini, kwamba ulikuwa unamenya chungwa?

Na hilo la ajali haina kinga usiniletee. Hii yako ina kinga, inaning'inia msumarini juu ya jiko. Ukimaliza kusoma hapa usingoje hata chai ichemke. Utungue ufunguo, uutie kwenye pochi, kando ya ile leseni yako. Ndiyo, leseni niliiona. Uliichomeka katikati ya mapazia na chai ukidhani nitaipita. Miaka kumi na moja umeendesha gari la hospitali, halafu unakaa kiti cha pembeni unamsimulia barabara mtu asiyeiona, eti usukani haugusi mtu! Heshima gani hiyo, mama, ya kumpeleka mumeo kaburini au jela?

Unauliza ukimwondoa kwenye usukani umemwachia nini. Umemwachia macho, kama bado yanaokoleka. Mimi si mganga wa macho na sitakubabaisha hapa gazetini. Huenda ni mtoto wa jicho, watu wanatibiwa wanarudi kusoma magazeti, huenda ni jambo jingine lisilongoja. Mnazunguka makumbusho kutazama vya kale na kliniki ya macho mnaipita mlangoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kingewaumbua na wasiokuwemo. Kesho asubuhi Konokono abaki kivulini na nyinyi mwende kwa miguu, mmezoea.

Lakini leo mwambie. Usimwambie ndani ya gari, humo yeye ni bosi. Wala usingoje watoto wafike, utamvunja uso. Tokeni mkatembee, akushike kama kawaida, na mkiwa mnatembea mwambie, "Baba watoto, huoni vizuri, nami nimejua tangu siku ya ngome." Kisha ufunge mdomo. Atakuja juu. Atakuuliza nani amekutuma. Atakutajia ile miaka thelathini na minne na kuku wote aliowanusuru. Wewe usimwachie mkono. Mtu anayesema "nisimulie barabara" ameshakuomba msaada zamani, hakuwa na maneno mengine tu.

Binti yako mpigie leo hii, umwambie yote, na la toroli pia. Sema wewe kabla hajaambiwa na mwingine. Wajukuu waje, kwani nani amewakataza? Watembezeni kwa miguu mji huo mlipo, mlima hauhami. Na akina kaka wakianza habari ya kuuza, waambie Konokono ana dereva mwenye leseni na akili zake. Uanze tu kwenye uwanja mtupu, umekaa muda mrefu bila kuendesha, usije ukanipindulia jiko la gesi. Yeye akae pembeni akufundishe kona, atakukera sana, mvumilie.

Yule mfagiaji mtafute. Anafagia barabara ile ile kila asubuhi, hana pa kukimbilia. Mwende wote wawili, mumwombe radhi uso kwa uso, toroli mlitengeneze, na kama ameumia mumpeleke hospitali. Akikutukana, pokea. Ukishamaliza kwake ndipo chakula kitakapopita kooni.

Sasa hiyo aibu yako. Mama, mwanamume asiyeona vizuri akitaka cha kushika, vipo: kuna ukuta, kuna fimbo, kuna bega la mpita njia. Pale ngomeni alikuwa tayari ameshika mkono wa mtu mwenye macho mazima. Alipojua si wako akauachia, akageuka gizani mwake akautafuta wako. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, na hukulisoma.

Nenda ukampe mkono wako. Lakini ufunguo kwanza.