Mkono wa Kushoto wa Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua karakana saa mbili. Nimenoa patasi zote tatu. Chai nimekunywa peke yangu.

Saa nne amekuja mama mmoja kutoka Kajiado mjini, mwalimu, anaitwa Naserian. Ameleta kiti cha marehemu baba yake. Kiti cha mikono, mbao ya mzeituni wa porini, wao huuita oloirien. Miguu ya mbele inacheza. Jumamosi wana maombi ya kumkumbuka mzee, na mama yake ndiye atakikalia. Aliongea akiwa ameinama, akinionyesha. Lori lilikuwa linapita. Nilishika "mkono wa kushoto" tu. Nikatingisha kichwa.

Siku hizi natingisha kichwa kwa kila mtu. Huu ni mwaka wa pili masikio yanafifia. Sijaambia mtu. Wairimu, mke wangu, yuko Nakuru kwa binti yetu, analea mjukuu. Akipiga simu nasema network ni mbaya, nakata. Sasa ni wiki mbili hajapiga.

Jumanne, 4 Machi

Nimekifungua kiti. Tundu za miguu, pale ulimi wa mbao unapoingia, zimelika zikapanuka. Fundi fulani alijaza misumari. Mjinga. Nimeng'oa kumi na moja.

Lazima nijaze tundu mbao mpya, nichimbe upya. Kwa nini kwa mkono? Ruta ya stima, mashine ya kuchimbia mbao, inamaliza kwa dakika tano. Lakini ruta huiongozi kwa macho, unaiongoza kwa sauti. Ikilemewa inanguruma. Ikipata nafasi, sauti inapanda. Mimi nahisi mtetemo tu. Nimechukua patasi. Ya robo inchi, kwa sababu mguu ni mwembamba na patasi pana ingeupasua. Kwa patasi, mkono ndio unasikia.

Mguu mmoja, siku nzima. Ulimi umeingia ukakwama vizuri, bila gundi. Nimefurahi. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeharibu.

Asubuhi mguu wa pili ulikubali. Halafu Naserian akatuma ujumbe: anakuja kuchukua kiti kesho saa sita. Mkono wa kushoto ulikuwa bado. Ulikuwa unacheza kidogo sana, lakini si ndio aliotaja? Kwa patasi singemaliza. Nikachomeka ruta.

Niliulaza mkono wa kiti juu chini, nichimbe upya tundu la kijiti kinachoushikilia. Nilipima unene pembeni. Sikupima katikati. Katikati, upande wa juu, palikuwa na bonde. Mzee aliweka kiganja hapo miaka mingi mpaka mbao ikalika. Ruta lazima ilibadilisha sauti. Sikusikia kitu. Nikanusa moshi. Nilipoupindua, niliona mwanga. Tundu kutoka chini hadi juu, katikati kabisa ya kiganja cha mzee.

Nimezima stima nikakaa sakafuni. Najichukia.

Ijumaa, 7 Machi

Ningeweza kujaza unga wa mbao na gundi, nipake vanishi. Nimewahi kufanyia wengine hivyo. Leo nimeshindwa. Nimemwandikia asije, nakileta mwenyewe. Jirani aliye na pikapu amenipeleka.

Naserian aliona tundu kabla sijasema neno. Alisimama mbele yangu kabisa, kwa hivyo nilisikia yote.

"Fundi, nilikuambia mkono wa kushoto usiguse! Nilikuambia!"

"Sikusikia, mwalimu."

"Ulitingisha kichwa!"

"Huwa natingisha tu. Masikio yangu yameisha."

Mara ya kwanza kumwambia binadamu. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mbuzi waligeuka. Naserian alienda nyuma ya tangi la maji. Nilijua analia. Sikumfuata.

Mama yake alikuwa ameketi nje. Mzee sana. Aliomba apewe ule mkono wa kiti. Alipitisha kidole kwenye tundu, akaongea Kimaasai peke yake, mabega yakatingishika. Nilidhani analia pia. Alikuwa anacheka. Kisha alipangusa macho.

Naserian alirudi na daftari la shule. Aliandika: "Anasema mzee angekuchapa na rungu kwanza, halafu akuulize kama umekula." Chini yake: "Ziba. Lakini usifiche."

Walinipa kipande cha oloirien kutoka kwa kuni, nikatoa patasi nilizobeba. Nilipanua tundu liwe na pembe nne. Patasi ya nusu inchi kwa pande, ya robo kwa pembe. Polepole. Mbao ilipokuwa nyembamba, kiganja kiliniambia. Saa tisa kiraka kiliingia na mkono ukarudi mahali pake. Kiraka ni cheupe kuliko mbao ya zamani. Kitaonekana siku zote.

Naserian hakusema asante. Sikutarajia. Aliniletea chakula, akakaa akinitazama usoni, akauliza kama nimeonwa na daktari. Nilisema bado.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ndio maombi yao. Sikualikwa. Ni haki yao.

Nimefagia karakana mara mbili. Nimemwandikia Wairimu: "Si network. Sisikii." Nimetuma haraka kabla woga haujarudi.

Amejibu: "Mimi nilidhani umenichoka."

Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu ikaisha chaji. Miaka miwili nimekuwa nikificha masikio. Kumbe nilikuwa namfukuza mke wangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika kwenye ubao, nikauweka mlangoni: FUNDI HASIKII VIZURI. UKIONGEA, NITAZAME. Watu wawili wameusoma wakapita. Mmoja ameingia na stuli. Nimemwuliza mara tatu anataka nini. Mara ya tatu amechukua chaki akachora. Sikutingisha kichwa mpaka nilipoelewa.

Wairimu bado yuko Nakuru, mtoto ana homa. Anataka nionwe hospitali wiki ijayo. Tunaandikiana. Maneno machache, asubuhi na mchana.

Saa kumi nimeona watu wakikimbia barabarani. Mvua. Nimepanda juu ya benchi nikaweka kiganja kwenye bati la paa. Ya nguvu kweli. Nimesimama hivyo mpaka ikapungua, ikawa tone moja moja, ikaisha.