Nimemrusha angani shujaa wa kaka, na mtaa mzima unakuja kutazama

Shangazi Makavu, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, maana kukaa kumenishinda, nikikaa mguu wa kulia unaanza kuitikisa meza mpaka wenzangu kazini wananiuliza kama nina homa, na nimeamua nikueleze wewe kwa sababu kila nikitaka kumwambia mwenyewe anayehusika, ninajikuta nimeuliza habari za hali ya hewa.

Nafanya kazi kwenye studio inayotengeneza filamu za katuni. Kazi yangu ni kuzipa picha uhai, yaani mtu akichorwa amekaa, mimi ndiye ninayemchora kidogo kidogo mpaka anainuka, anageuka, anafungua mlango. Kaka yangu, ambaye ni mkubwa wangu na ndiye aliyenifundisha kushika penseli, ana duka la fotokopi mtaani kwetu, na kwa miaka mingi amekuwa akichora vitabu vya katuni, anavitoa fotokopi mwenyewe na kuviuza palepale dukani. Shujaa wake ni mwanamke anayeitwa Chapamwendo. Ana nguvu za kubeba kitu chochote, basi, nyumba, daraja, lakini kuruka hawezi na mbio hana. Anakwenda kwa miguu na kandambili zake. Akiambiwa moto unawaka upande wa pili wa mji anajibu, "Nakuja, ila nakuja kwa miguu," halafu anaanza safari, na utamu wote wa kitabu uko njiani, kwa sababu kila akipiga hatua anasimamishwa, huyu kafungiwa nje, yule gari limemzimikia, mwingine anataka tu mtu wa kumsikiliza, na yeye hana moyo wa kumpita mtu. Anafika amechelewa, jasho linamtiririka, lakini wale wote aliokutana nao wanakuwa wamemfuata nyuma, na ndio wanaouzima moto. Siku moja nilimuuliza kaka kwa nini asimpe uwezo wa kuruka kama mashujaa wa wenzake. Akasema, "Mtu akiruka anakutana na nani?"

Na hao watu wa njiani ni watu wetu wa mtaani, Shangazi. Jirani yetu fundi cherehani yumo, na miwani yake iliyofungwa uzi. Fundi magari yumo, na matusi yake kaka kayageuza alama za nyota. Muuza mayai yumo na ubishi wake. Kila mmoja ana kitabu alichotokea yeye na hakiazimishi.

Basi mimi ndiye niliyempelekea bosi vitabu vile. Bosi akavipenda, kaka akaitwa, wakazungumza, akakubali vitengenezwe filamu. Tulipotoka nje akaniambia, "Siwapi wao, mdogo wangu. Nakupa wewe."

Mwanzoni kazi ilikwenda. Lakini sijui kama unajua, Shangazi, kwenye kazi yetu hakuna kitu kigumu kama mtu anayetembea. Kila mtu anajua kutembea kukoje, kwa hiyo ukikosea hata mtoto mdogo anakukamata, mguu unateleza kana kwamba ardhi imepakwa sabuni, nyonga inakosa uzito. Na mtu wa kandambili ndiye balaa lenyewe, maana kandambili nayo ina mwendo wake, kisigino kinainuka yenyewe inabaki, halafu inakifuata na kukipiga. Tukabaki nyuma. Tarehe ya kukabidhi ikawa inatukodolea macho, bosi akaitisha kikao, akasema hatoki mtu mpaka apate wazo. Mimi nikafungua mdomo nikasema, "Tumrushe." Kumrusha mtu ni kazi nyepesi, unamchora mara moja amenyoosha mikono, unamtelezesha juu ya mawingu, nywele zinapepea, umemaliza. Kikao kizima kikashusha pumzi, bosi akanipigia makofi, na wiki ileile nikapandishwa cheo kuwa kiongozi wa wachoraji.

Alipopaa tu, njia ikafa. Sikulifikiria hilo, haki ya Mungu, nilidhani nimepunguza miguu peke yake. Watu wa njiani wakakatwa wote, maana anawapita juu kwa juu, fundi cherehani siku hizi ni paa jekundu, muuza mayai ni nukta. Ili kuziba pengo tukajaza milipuko na vichekesho, na Chapamwendo ambaye kitabuni anaweza kumaliza kurasa mbili bila kusema neno, anamsikiliza mtu tu, kwenye filamu anaongea toka mwanzo mpaka mwisho, anapigana huku anatania. Rangi zinang'aa, muziki unatingisha viti, lakini filamu ni tupu, Shangazi. Nimeitazama na kuirudia nikitafuta pa kuipendea, nimekosa. Nikimwambia mwenzangu wa meza ya pili ananijibu, "Dada, tulia. Ni katuni tu hii, watoto wanajua nini?"

Kaka hajaiona. Ameona bango tu, limebandikwa kituo cha basi, Chapamwendo yuko angani na kandambili zinaning'inia. Nilikuwa naye, nikasema moyoni leo ndiyo leo. Akalitazama, akacheka, akasema, "Watu wa matangazo na mbwembwe zao! Ndani si uko wewe?" Halafu Jumapili tukiwa mezani kwake akaniuliza mbele ya wifi, "Hebu niambie, jirani yetu fundi katokeaje?" Nikajibu, "Vizuri mno." Sijui maneno yale yalitoka wapi. Wifi akainuka palepale, akachungulia dirishani akampigia fundi kelele za hongera, na sasa fundi anajishonea gauni la siku ya onyesho la kwanza, la kijani, kaniita nikaone kitambaa, nikakishika, nikakisifia. Fundi magari anasema siku hiyo atafunga gereji. Muuza mayai ameshaanza kubishana nani atokee kabla ya nani. Kaka amewaalika wote, na anawapangia mpaka viti vya kukaa.

Tangu hapo situlii. Napita njia ya nyuma ili nisionekane dukani kwake. Napiga mswaki huku natembea, chai nazunguka nayo halafu nasahau nimeiweka wapi, simu yake ikiita naigeuza kifudifudi halafu nabaki naitazama mgongo.

Na juzi bosi kaja na jipya. Kasema kuna muda umebaki, si mwingi, unatosha kutengeneza upya kipande kimoja tu kabla ya kukabidhi, na kwa kuwa mimi ni kiongozi nichague mimi, ila yeye angependa ule mlipuko wa mwisho uongezwe uwe mkubwa zaidi. Nikawaza nitie kipande kimoja cha kutembea kimyakimya, kaka akikiona labda moyo utalainika. Mara nawaza niache kazi. Mara nawaza nimwambie kaka ni bosi aliyetaka iwe hivyo, maana siku hizi wale wawili hawakutani. Mara nawaza ninyamaze, watoto watashangilia, na kaka akisikia shangwe labda naye atashangilia. Nimwambie, Shangazi, au nisubiri aone mwenyewe taa zikizimwa? Nijibu upesi, maana nikiendelea hivi nitatoboa sakafu.

Roho Juu

*

Roho Juu,

Marahaba. Kaa chini, umenichosha hata mimi niliye huku.

Kabla ya kukujibu nilitaka kujua tunagombania nini, kwa sababu katuni ninayoijua mimi ni ile ya nyuma ya ukurasa huu. Nikaazima filamu tatu za mashujaa waliotoka vitabuni, nikajifungia chumbani, mume wangu akadhani naumwa. Ya kwanza ilinipigia kelele mpaka nikatafuta dawa ya kichwa. Ya pili kila mtu alikuwa na nguvu za ajabu na hakuna hata mmoja aliyechoka wala kuona njaa, nikasinzia. Ya tatu, lile jamaa lenye kifua kama kabati lilikaa ukingoni mwa kitanda likashindwa kufunga kamba za kiatu kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka, na halikusema kitu. Mimi mtu mzima mwenye wajukuu nikalia. Kwa hiyo usiniletee habari za "ni katuni tu". Huyo mwenzako wa meza ya pili mwambie Shangazi amesema hivi: mtu mzima akichoshwa na filamu anavumilia kwa adabu, mtoto anainuka na kwenda zake kucheza. Mkali ni nani hapo?

Haya, wewe sasa. Pole. Nasema pole kwa dhati, maana barua yako inaonyesha unaipenda kazi yako na unampenda kaka yako, na kugundua kwamba kimoja kimekanyaga kingine kunauma. La kikaoni nakuelewa. Mtu akibanwa husema lolote, na hukukusudia kumdhuru mtu. Lile ni kosa la kazi, na kazi hurekebishwa. Lakini "vizuri mno"! We dada! Pale hakukuwa na bosi wala tarehe ya kukabidhi. Pale ulikuwa umeshiba, umekaa kwa watu wanaokupenda, na kwa maneno mawili ukamshonesha jirani gauni la kwenda kujitafuta mahali ambapo hayupo. Na kitambaa ukakisifia! Hukuona haya?

Unaniuliza usubiri aone mwenyewe taa zikizimwa. Swali gani hilo? Unataka kaka yako ajue gizani, kati ya majirani aliowaalika kwa mdomo wake, wanamgeukia mmoja mmoja, "Mimi natokea saa ngapi?" Atawajibu nini? Na wewe siku hiyo utakuwa umekaa kiti kipi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo chako umeshakichapishia bango.

Habari za kumsingizia bosi zifute. Bosi wako ana makosa yake, hili si lake. Na hicho kipande cha kutia kimyakimya ili kaka alainike ni rushwa, tena unampa mtu ambaye hajui hata kama ana kesi na wewe. Na kazi usiache. Ukiondoka, pale studio atabaki nani anayejua ile njia ilikufaje?

Leo ukitoka kazini pita mbele ya duka, si nyuma. Kama kuna wateja, subiri waondoke, kisha ufunge mlango kwa mkono wako. Mwambie kaka, Chapamwendo anaruka, mimi ndiye niliyesema arushwe, watu wa njiani wote wamekatwa, na nilipokwambia fundi katokea vizuri nilikudanganya. Usianze na "unajua kaka, mambo ya studio". Atakasirika, mwache akasirike. Na usilie, maana ukilia ataacha hasira zake aanze kukubembeleza, na hasira hizo ni haki yake. Akikufukuza, toka bila kubishana. Kesho rudi.

Ukirudi, mchukue mkaitazame filamu yote studio, ninyi wawili. Bosi akileta maneno, mwambie bila huyu bwana wa fotokopi asingekuwa na cha kutengeneza. Na kipande kilichobaki si chako kuchagua. Bosi amekuachia wewe, wewe mwachie kaka. Yeye ndiye anayewajua watu wake, yeye aseme ni nani Chapamwendo ashuke kwake, akanyage chini, amsikilize bila kufungua mdomo. Ni mmoja tu, wengine hawatakuwamo, na kuchagua kutamuuma. Wewe utaichora hiyo miguu kwa namna ambayo hujawahi kuchora miguu, na usimkabidhi mwingine kwa kisingizio cha cheo. Mlipuko utabaki ulivyo. Bosi akinuna, na anune.

Baada ya hapo mwende wote wawili kwa fundi, kwa fundi magari, kwa muuza mayai na ubishi wake, nyumba kwa nyumba, kabla ya siku ya onyesho. Wewe ndiye useme, si kaka. Fundi asiache kushona. Kijani kinafaa popote, na kama ataamua kulivaa aje kuwazomea, milango ifunguliwe, aingie.

Sikuahidi kwamba filamu itakuwa nzuri. Kipande kimoja hakiwezi kuibeba iliyobaki, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Sikuahidi pia kwamba kaka atakusamehe wiki hii. Lakini atakuuliza kwa nini, na hapo ndipo nakuombea usiteleze. Usimweleze tarehe ya kukabidhi, wala ugumu wa kuchora nyonga na visigino, wala kikao. Mwambie uliogopa, kwanza kushindwa kazi, kisha kumuumiza yeye. Ndiyo sababu ya kweli, na ndiyo pekee ambayo kaka anaweza kuisamehe.

Shangazi Makavu