Mjusi wa Stoo ya Makaa na Dirisha Lililopigiliwa Misumari

JUMUIYA YA WAKAZI, MLANGO B, JENGO LA NJANO NYUMA YA STESHENI, VRŠAC

Kumbukumbu za kikao cha pili cha mwaka 2019, kilichofanyika Jumamosi tarehe 6 Aprili, kuanzia saa tano asubuhi, katika chumba cha kuanikia nguo, ghorofa ya nne.

WALIOHUDHURIA
Bi. Ljubinka Stojkov, namba 1, Mwenyekiti
Bw. Miodrag Perin, namba 4, Katibu
Bi. Tijana Radak, namba 2
Bw. Trajan Bosika, namba 5
Bw. Svetislav Jankov, namba 6
Bi. Zagorka Mijatov, namba 8

WASIOHUDHURIA
Mwenye namba 7 (yuko Vienna, bila taarifa, kama kawaida yake)
Mwenye namba 3 (alituma ujumbe: "Huyo mnyama si wangu, ni wa mpangaji, na mpangaji mwenyewe kahamia Ujerumani.")

MWALIKWA
Dkt. Nevena Lalić, daktari wa wanyama

KUMB. NA. 1/2/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kupanda ngazi zote hizo. Alieleza kwamba baada ya kikao cha Februari kila mtu alikana maneno yake, kwa hiyo safari hii Katibu aandike maneno kama yalivyotamkwa. Katibu, aliyekata tiketi za reli miaka thelathini na minne bila kukosea hata moja, alisema atajitahidi.

Bw. Svetislav alikaa karibu na dirisha. Bi. Zagorka alikaa karibu na ngazi. Ikumbukwe kwamba wawili hawa hawajasalimiana tangu Februari 2008, na mmoja akiwa na neno kwa mwenzake hulipitisha kwa Mwenyekiti.

Mnyama anayehusika alikuwepo ndani ya sanduku lake la kioo, juu ya kizingiti cha dirisha. Haikufahamika kama alikuwa macho.

KUMB. NA. 2/2/2019: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Kumbukumbu zilithibitishwa baada ya marekebisho. Palipoandikwa "mamba mdogo" pasomeke "kenge". Bi. Tijana alipinga, akasema kenge si huyu. Bw. Trajan alisema alipokuwa jeshini aliona kenge kwenye kitabu na ni huyu huyu. Daktari aliombwa aamue, akasema ni mjusi mwenye ndevu, asili yake ni majangwa ya Australia. Bw. Trajan aliuliza ndevu ziko wapi. Daktari alisema huonekana akikasirika, ila huyu hana hata nguvu za kukasirika.

Basi pasomeke "mjusi".

KUMB. NA. 3/2/2019: YATOKANAYO, HALI YA MJUSI

Mwenyekiti alikumbusha kwamba mjusi alikutwa tarehe 9 Februari katika stoo ya makaa ya namba 3, ndani ya sanduku la kioo lisilo na taa wala maji, amefunikwa na kipande cha zulia. Bw. Trajan aliyemkuta alidhani ni kiatu. Mifupa ya mkia ilihesabika, macho yalikuwa yametumbukia ndani, na ngozi ya zamani ilikuwa imemkaza vidole mpaka ncha mbili zikakatika.

Bi. Zagorka alimchukua, akampandisha kwake na kumpa jina la kiume, Gvozden. Alieleza kwamba humwogesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kila asubuhi, na kwamba alimlisha maboga yaliyopondwa, tone kwa tone, kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Alisema hayo yalikuwa maboga ya kuokea pai za mfungo wa Kwaresima, na mwaka huu hakuoka.

Bw. Trajan aliomba iandikwe kwamba naye alitoa mchango. Siku ya tatu alimkanda mjusi mgongoni kwa rakija, pombe kali ya kienyeji, na kumvisha soksi ya sufi, kama alivyokuwa akifanyiwa na nyanya yake.

Daktari alisema, "Baba, tafadhali usirudie tena."

"Ni rakija safi ya zabibu, daktari. Nimeipika mwenyewe."

"Hata kama."

Daktari alitaja pia kwamba Gvozden ni jike. Bi. Zagorka alisema jina ameshalizoea na hatabadili kitu.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini mama wa miaka sabini na mmoja, mwenye nyonga mbovu, ajitie mzigo wa namna hiyo. Bi. Zagorka alijibu: "Mwanangu yuko Melbourne mwaka wa kumi na tisa. Kila mwaka anasema atakuja. Huyu ndiye wa kwanza kutoka huko kuja kukaa kwangu."

Bw. Trajan alisema huyo kazaliwa dukani Belgrade. Aliombwa anyamaze.

KUMB. NA. 4/2/2019: MALALAMIKO YA NYENJE

Bw. Trajan aliwasilisha malalamiko kwamba nyenje, walionunuliwa hai kwa ajili ya mjusi, walitoroka kwenye kopo, na mmoja ameweka makazi nyuma ya kipasha joto cha namba 5, ambako huimba kutwa kucha. Bi. Tijana alikiri kwamba kopo alilifungua yeye kwa kutaka kusaidia. Aliuliza kama Bw. Trajan angependa yeye aje amkamate.

Bw. Trajan alisema hapana, ameshamzoea. Katibu aliuliza basi malalamiko ni yapi. Suala lilifungwa.

KUMB. NA. 5/2/2019: MAELEZO YA DAKTARI

Mwenyekiti alieleza kwamba kwa wiki tatu mjusi amekuwa akiletwa chumba hiki kuota jua, kwa kuwa namba 8 inatazama kaskazini na wengine wote wameziba roshani zao kwa vioo. Juhudi zote zimefanyika. Hata hivyo miguu inazidi kutetemeka, na taya limelegea kiasi kwamba hawezi kutafuna nyenje. Aliomba daktari aeleze, maana wakazi wamechanganyikiwa.

Daktari alisema mifupa ya mjusi imelainika kwa kukosa jua.

Bw. Svetislav alinyanyua kichwa. "Kukosa jua vipi? Kakaa kwenye jua wiki tatu. Limenichoma mimi kisogo hapa nilipokaa."

"Kakaa nyuma ya kioo, mzee. Kioo kinapitisha joto na mwanga. Kile kinachojenga mifupa kinabaki nje."

"Jua ni jua."

"Kwenye kioo, si jua lote."

Katibu aliomba ufafanuzi, akapewa, hakuelewa, akaomba tena. Alielewa hivi: mjusi aliyekaa juani wiki tatu hajakaa juani. Daktari alisema ndivyo. Katibu ameandika kama alivyoambiwa.

Daktari aliendelea kueleza kwamba iko taa maalumu inayofanya kazi ya jua, na ameshaiagiza, ila itafika baada ya wiki tatu. Bi. Zagorka aliuliza kama Gvozden anazo wiki tatu. Daktari alitazama sakafu, akasema kwa hali hii hana. Nusu saa ya jua kila siku, bila kioo, inaweza kumvusha, mradi upepo usimpige moja kwa moja.

Bi. Zagorka alisema kumshusha uani na kumpandisha kila siku nyonga haiwezi. Alijaribu mara moja akakaa ghorofa ya pili akilia. Bi. Tijana alijitolea siku za Jumapili, maana siku nyingine yuko kazini kiwandani. Bw. Trajan alijitolea pia, akakataliwa kwa sababu ya soksi.

Daktari aliuliza, "Kwani dirisha hili si linafunguka?"

Wajumbe waligeuka kumtazama Bw. Svetislav.

KUMB. NA. 6/2/2019: DIRISHA LA CHUMBA CHA KUANIKIA

Kwa faida ya daktari, Mwenyekiti alieleza kwamba dirisha lilipigiliwa misumari na Bw. Svetislav mwezi Machi 2008, na kikao cha wakati ule hakikupinga. Chumba hiki hakina mlango. Dirisha likiwa wazi, upepo wa košava huingilia hapa, hushuka ngazi zote na kutokea chini, na huo ndio upepo wa kupita ambao kila mtu mjini hapa anajua unavyoua. Marehemu Bi. Vidosava (Vida), mke wa Bw. Svetislav, alikuwa akianika mashuka hapa siku Bi. Zagorka alipolifungua. Siku nne baadaye alilazwa kwa mapafu. Hakurudi.

Daktari alisema mapafu hayaugui kwa sababu ya dirisha, ni vijidudu. Wajumbe wote, wakiwemo wanaompenda mjusi, walimtazama kwa mashaka.

Bi. Zagorka alisema, "Mama mwenyekiti, mwambie jirani kwamba naomba nusu saa tu kwa siku."

Bw. Svetislav alisema, "Mwambie jirani kwamba hata dakika moja sitoi. Yeye alimpa Vida dakika ngapi?"

Bi. Zagorka alianza kufuta kioo cha sanduku kwa upindo wa sweta, ingawa kilikuwa safi.

KUMB. NA. 7/2/2019: KURA

Mwenyekiti aliamuru kura ya kunyosha mikono. Alikumbusha kwamba kura zikilingana, mambo hubaki yalivyo.

Waliotaka dirisha lifunguliwe: Mwenyekiti, Bi. Tijana, Bi. Zagorka. Jumla watatu.

Kisha waliopinga walitakiwa kunyosha mikono. Bw. Svetislav alinyosha, na Bw. Trajan. Katibu naye alinyosha, na anaomba ieleweke kwamba hana chuki na mnyama yeyote. Ana neva ya mguuni inayomtesa, na anakaa ngazini palepale upepo unapopita.

Mwenyekiti alihesabu kwa sauti: "Mmoja, wawili, watatu, wanne." Alihesabu upya akapata wanne tena. Aliuliza nani kanyosha miwili, akamtazama Katibu. Katibu alikanusha.

Bi. Tijana alisema, "Mama mwenyekiti, wa nne ni huyo hapo dirishani."

Ilibainika kwamba mjusi alikuwa amefungua macho na kumwelekea Bw. Svetislav, aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Alikuwa amenyanyua mkono wa kulia, akauzungusha hewani polepole sana, akaushusha, akaunyanyua tena.

Daktari alisimama. Alisema hawa hufanya hivyo mbele ya mkubwa kuliko wao, ndiyo namna yao ya kusema nimekuona, sina ugomvi nawe. Alisema tangu aanze kumtibu hajawahi kumwona akiweza kuunyanyua mkono huo.

Bw. Trajan alisema, "Basi kapinga. Wanne kwa watatu. Kajinyima jua mwenyewe, masikini."

"Hana kura!" alisema Bi. Tijana. "Mjusi ana nyumba hapa?"

"Wa namba 7 anayo, na mbona hatumwoni?"

Mwenyekiti alimuuliza Katibu kanuni zinasemaje. Katibu alizisoma zote na hakupata kifungu.

Wakati huo wote mkono wa Bw. Svetislav ulikuwa bado juu. Mwenyekiti alisema, "Shusha, jirani, tumeshahesabu." Hakushusha. Alikuwa anamtazama mjusi.

Alisema: "Vida alinipungia hivi."

Alisema: "Walikuwa wamezuia wageni hospitali kwa sababu ya homa. Nilisimama uani kwenye theluji, yeye juu, nyuma ya kioo. Polepole hivi hivi. Nikadhani ananiambia niende nyumbani nisipigwe na baridi. Nikaenda. Asubuhi wakanipigia simu."

Hili halikuwa kwenye ajenda. Mwenyekiti hakulizuia.

Bi. Zagorka alizungumza bila kupitia kwa Mwenyekiti. "Sveta. Dirisha nililifungua mimi, kweli. Ila Vida ndiye aliyeniomba. Alisema mashuka yakipigwa na upepo yananukia vizuri."

"Najua. Aliniambia."

"Ulijua? Miaka kumi na moja umenigeuzia kisogo, na ulikuwa unajua?"

"Sasa ningemgeuzia nani, Zago?"

Kutoka hapa Katibu aliacha kuandika kwa muda. Yanayofuata ameyaandika kwa kukumbuka.

Bw. Svetislav alishusha mkono, akashuka ngazi. Wajumbe walidhani amesusa. Bw. Trajan alishauri kikao kiahirishwe. Bw. Svetislav alirudi akiwa na koleo na kiti cha jikoni, akaanza kung'oa misumari. Ilikuwa kumi na minne. Wa tisa ulikatika, akautoa kwa kuuchimba, akiutukana kwa maneno ambayo Mwenyekiti aliamuru yasiandikwe licha ya agizo lake la mwanzo.

Dirisha lilifunguliwa saa sita na dakika ishirini. Košava iliingia. Karatasi za Katibu ziliruka hadi ghorofa ya pili, na ndiyo sababu ukurasa wa kwanza una alama ya kiatu.

Daktari alisema jua ni zuri, ila upepo unampiga mjusi ubavuni, lazima azibiwe. Kabla hajamaliza kusema, Bw. Svetislav aliweka kiti upande unakotokea upepo, akakaa akiupa mgongo, shingo wazi.

IMEAMULIWA: Dirisha lifunguliwe nusu saa kila siku ya jua. Waliokubali: wote. Katibu hajui kura yake ilibadilika saa ngapi, lakini alipotazama, mkono wake ulikuwa juu.

KUMB. NA. 8/2/2019: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alitangaza kufunga kikao saa sita na dakika hamsini. Alitangaza mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyeinuka. Mjusi alikuwa amelala kifudifudi juani, mdomo wazi kidogo, na daktari alisema hiyo ni raha, si ugonjwa.

Bi. Zagorka alivua skafu yake na kumzungushia Bw. Svetislav shingoni, akaifunga fundo kwa mbele. Bw. Svetislav aliuliza nusu saa imebaki dakika ngapi. Aliambiwa imeshapita. Alisema saa ya Mwenyekiti inakimbia, akaendelea kukaa.

Ljubinka Stojkov (sahihi)
MWENYEKITI

Miodrag Perin (sahihi)
KATIBU